Hodi ya Waya wa Buluu

Gari la Nyevu mkunga lilikuja na redio ya Kijapani.
Ukiwasha injini, sauti ya kike inakuamkua
kwa maneno asiyoyajua mtu Barani nzima,
na masafa yake yakifika tisini yanakoma
kama barabara iliyoishiwa na lami.
Stesheni aipendayo Nyevu iko ng'ambo ya tisini.

"Naendesha usiku," alisema. "Mambrui, Gongoni, hadi Marereni,
na huyu bibi hajawahi kunipa hata bei ya vitunguu.
Niwekee redio inayojua niko wapi."

Nikajipiga kifua. Nusu saa tu, mama.
Manjano ya betri, nyekundu ya ufunguo, nyeusi ya bodi,
spika nne, kila waya na pacha wake mwenye mstari.
Ukabaki mmoja, mwembamba, buluu na ufito mweupe.
Nikaukunja, nikauvika tepu kichwani, nikausukuma gizani.
Ndivyo nilivyoufanya miaka kumi na mmoja.

Redio ikawaka. Namba zikakimbia, taa zikacheza.
Nikapandisha sauti hadi arubaini.
Kimya,
kimya cha msikiti saa nne asubuhi.

Nikabadilisha fyuzi. Nikabadilisha spika ya mlango wa kushoto
nikijua fika haina kosa.
Nikailaumu China.
Chengo, mwanafunzi wangu, akanyamaza kwa heshima,
na hiyo heshima ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Jioni ya pili Nyevu alitoka zamu, akavua viatu, akaketi garini.
"Ina macho," akasema, "haina koo."
Kisha, bila kunitazama:
"Mtoto akitoka kimya hatukimbilii kusema amekufa.
Tunamsugua mgongo.
Kuna kitu ndani kinangoja kuambiwa kimeshafika."

Nikainua zulia chini ya kiti cha abiria.
Sanduku la bati, mapezi kama ya samaki,
vumbi la nchi nisiyoijua,
sarafu moja yenye tundu katikati.
Amplifaya ya kiwandani, baridi,
imelala tangu nilipomng'oa yule bibi,
maana yeye ndiye aliyekuwa akiiamsha.

Basi nilikuwa nimemwingiza mgeni kwenye nyumba ya watu bila hodi.
Ameketi sebuleni, kavaa, anazungumza peke yake,
na mwenye nyumba yuko chumba cha ndani,
mlango kaurudisha, hajui kama kumekuja mtu.
Na hodi yenyewe nimeiziba mdomo kwa tepu,
kwa mkono wangu huu.

Nikauvuta waya kutoka gizani.
Volti kumi na mbili, wala si za kubeba mzigo,
ni za kusema tu: amka, tumefika.
Nikaunganisha.

Tup.

Kishindo kidogo ndani ya milango. Ndiyo karibu hiyo.
Kisha sauti ya mtu, tumeikuta katikati ya sentensi,
ikitangaza ng'ombe aliyepotea Kakoneni,
jike, madoadoa, sikio la kushoto lina mkato.
Chengo akacheka sasa.

Hayakuishia hapo. Injini ilipowaka, nzi aliingia kwenye spika,
nikikanyaga mafuta anapanda, nikiachia anashuka.
Nikakwangua rangi chini ya skrubu ya waya mweusi
mpaka chuma kikang'aa.
Nzi akapungua. Hakutoka.
Nikamwambia Nyevu ukweli, sikumficha.
"Mwache," akasema. "Atanizuia kusinzia."

Alilipa nusu. Nusu nyingine kaunti ikilipa mishahara,
yaani Mungu ndiye ajuaye.
Nikampa ile sarafu. Akanichungulia kupitia tundu lake,
akairudisha chini ya kiti. "Imeshapazoea."

Taa zake za nyuma zilipokata kona, Chengo akakohoa.
"Mwalimu, na lile gari la Mzee Famau,
tulilosema spika zake zimekufa zote nne?"

Nikasema, chukua bisibisi.